Usingizi Unapokuruka Hedhi Inapokoma: Kinachokuamsha na Kinachokukeshesha

Saa nane usiku mwanamke anaamka, khanga aliyojifunga imemganda mgongoni kwa jasho, mto umelowa upande mmoja, na moyo unamwenda mbio kana kwamba amekimbizwa. Anafungua neti, anapapasa swichi ya feni, na baada ya dakika chache joto lililompanda kifuani hadi usoni limeshamwacha, jasho limekuwa baridi. Fukuto limekwisha, lakini usingizi umemruka. Anamsikia jogoo wa kwanza, anasikia adhana ya alfajiri, na pale watoto wa shule wanapoanza kupita barabarani ndipo macho yanapomlemea.

Usiku wa namna hii una mambo mawili ndani yake, na kosa la wengi ni kuyachanganya. Kuna kinachokuamsha, na kuna kinachokukeshesha. Kinachokuamsha mara nyingi ni fukuto lenyewe, nalo hupita upesi. Kinachokukeshesha ni mambo yaliyojengeka taratibu nyuma ya fukuto hilo: hofu ya kutolala, mazoea ya kugaagaa kitandani macho makavu, kuingia kitandani mapema ili kufidia usiku uliopita, na usingizi wa mchana unaokula usingizi wa usiku. Mwanamke anayepambana na joto peke yake hushangaa kuona kwamba, hata baada ya joto kupungua na hedhi kusahaulika kabisa, usingizi bado haujarudi. Kwa hiyo kila kimoja kati ya hivyo viwili kitafutiwe dawa yake.

Kwanza ni vizuri kujua kinachotokea mwilini. Hedhi huhesabiwa kuwa imekoma pale miezi 12 mfululizo inapopita bila damu, na kwa wanawake wengi hilo hutokea kati ya umri wa miaka 45 na 55. Usingizi hausubiri tarehe hiyo. Miaka kadhaa kabla, wakati hedhi inapoanza kuruka miezi au kuja nzito kuliko ilivyozoeleka, homoni za estrojeni na projesteroni huwa zimeshaanza kupanda na kushuka bila mpangilio. Projesteroni ina tabia ya kutuliza ubongo, kwa hiyo inapopungua usingizi huwa mwepesi, wa mang'amung'amu. Estrojeni inaposhuka, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili huanza kushtuka kwa jambo dogo: ongezeko la joto ambalo zamani lisingehisiwa kabisa sasa huchukuliwa kama hatari, mishipa ya ngozi hufunguka, na jasho hutoka. Aliyeondolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika hali hii kwa ghafla, na mara nyingi kwa ukali zaidi. Aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40 anapaswa kumwona daktari hata kama analala vizuri, kwa sababu mifupa na moyo wake vimepoteza kinga mapema mno.

Wengi huambiwa kwamba haya ni ya miezi michache. Utafiti mkubwa wa Marekani uliowafuatilia wanawake kwa miaka mingi, ujulikanao kwa kifupi chake SWAN, ulionyesha vingine: miongoni mwa waliosumbuliwa na joto mara kwa mara, nusu waliendelea nalo kwa zaidi ya miaka 7, na kwa Wamarekani weusi muda huo ulifika takriban miaka 10. Huo si muda wa kuvumilia kimya. Pwani yetu msichana akivunja ungo hupewa somo wa kumfunda, akaelezwa usafi, heshima na mambo ya ndoa. Mama yule yule hedhi yake inapokatika hakuna somo anayemjia, na anachokisikia zaidi ni kwamba sasa amekuwa mtu mzima na atulie.

Anza na daftari

Kabla ya kubadilisha chochote, chukua daftari la shule na uandike kila asubuhi kwa muda wa wiki mbili. Andika ulipoingia kitandani, unapodhani ulilala, umeamka mara ngapi na kwa sababu gani (joto, mkojo, mawazo, miguu, kelele, mjukuu), saa uliyoamka moja kwa moja, na saa uliyotoka kitandani. Ongeza kama ulisinzia mchana na saa uliyokunywa kikombe cha mwisho cha chai au kahawa. Usiangalie saa usiku ili uandike sawasawa. Kukadiria asubuhi kunatosha, na saa igeuzwe uso ukutani, kwa kuwa anayehesabu masaa yaliyobaki huyapoteza yote katika kuhesabu.

Daftari hilo lina kazi mbili. Litakuonyesha kama tatizo lako ni kuamshwa au ni kushindwa kulala tena, na litakupa hesabu utakayoihitaji huko mbele. Ukienda hospitali, daktari atakuelewa kwa dakika tano kupitia kurasa hizo kuliko kwa nusu saa ya kusema, "Silali kabisa."

Kushughulikia kinachokuamsha

Anza na kitanda, kwa sababu hapo ndipo marekebisho ya bei nafuu yalipo. Godoro jipya hununuliwa likiwa ndani ya nailoni, na nyumba nyingi huiacha nailoni hiyo miaka nenda rudi ili godoro lisichafuke. Nailoni haipitishi hewa wala hainywi jasho. Mwanamke aliye katika umri huu akilala juu yake ni kama amelala juu ya chungu. Iondoe, utandike shuka mbili za pamba. Vazi la kulalia la kitambaa laini cha kung'aa, hata kama ni zawadi ya harusi ya binti, liwekwe kabatini, na mahali pake pachukuliwe na khanga iliyochakaa au dera jepesi la pamba. Khanga ya pili, kavu, ikunjwe karibu na mto, pamoja na chupa ya maji. Jambo hili dogo lina faida kubwa kuliko linavyoonekana: anayeweza kubadili khanga gizani bila kushuka kitandani, kuwasha taa na kufungua kabati, huwa hajaamka kikamilifu, na aliyeamka nusu hulala upesi.

Neti isiachwe kwa sababu ya joto. Malaria nayo huleta homa na jasho, na kutibu tatizo moja kwa kukaribisha jingine si busara. Kinachosaidia ni neti pana iliyotungikwa juu, isiyogusa mwili, na feni iliyoelekezwa kando ya kitanda ili hewa ipite ndani yake. Wapo wanaotundika khanga mbichi mbele ya feni. Dodoma au Tabora, ambako hewa ni kavu, jambo hilo hupoza chumba kweli. Tanga, Mombasa na Unguja, hasa miezi ya kaskazi hewa inapokuwa nzito kwa unyevu, maji hayakauki na chumba huzidi kuwa kama jiko. Nyumba ya mabati isiyo na dari huendelea kuchemka muda mrefu baada ya jua kuzama, kwa hiyo anayelala humo apumzike barazani kwanza na aingie chumbani bati likishapoa. Kwa walio Njombe, Limuru au Kabale, ambako baridi ni kali, dawa ni kujifunika mashuka na mablanketi mepesi kadhaa yanayoweza kutolewa moja moja, badala ya blanketi moja zito ambalo ukilitupa unatetemeka na ukilirudisha unachemka.

Oga maji ya uvuguvugu saa moja au mbili kabla ya kulala. Watu hukimbilia maji baridi sana, lakini hayo huufanya mwili ujikunyate na kuhifadhi joto. Maji ya uvuguvugu hufungua mishipa ya ngozi, na joto la ndani likishuka baadaye ndipo usingizi unapokuja.

Kuhusu chakula, yachunguze mambo manne katika daftari lako: pilipili, pombe, vinywaji vya moto sana, na chai au kahawa ya jioni. Si kila mwanamke huchochewa na yote, na hakuna haja ya kujinyima pilipili ya mbuzi ikiwa haikufanyi lolote. Kwa chai na kahawa nina msimamo mkali zaidi. Kafeini huchukua takriban saa tano ili nusu yake tu iondoke mwilini, maana yake ni kwamba kikombe cha chai ya rangi kilichonywewa saa kumi na mbili jioni pamoja na maandazi bado kina nusu ya nguvu zake saa tano usiku. Kikombe cha mwisho kiwe cha mchana. Jioni kunywa maziwa au maji ya mchaichai yasiyo na majani ya chai. Pombe ni mdanganyifu zaidi, kwa sababu humlaza mtu upesi, kisha humwamsha usiku wa manane akiwa na jasho na kiu.

Fukuto lenyewe likija, usipigane nalo. Jifunue, badili khanga, kunywa funda la maji, vuta pumzi polepole na uitoe polepole zaidi. Pumzi haizimi joto, ila inautuliza moyo, na moyo uliotulia ndio unaoamua kama utalala tena au utakesha.

Si kila jasho la usiku ni la kukoma hedhi

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa makosa ya sehemu hii hugharimu uhai. Mwanamke wa miaka 50 akitokwa na jasho usiku, kila mtu humwambia ni umri. Lakini jasho la usiku linaloambatana na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni au kukonda bila sababu ni dalili za kifua kikuu mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na kipimo cha makohozi hutolewa bure katika vituo vingi vya afya vya umma. Ni busara vilevile kupima VVU kwa asiyejua hali yake. Tezi la shingoni likifanya kazi kupita kiasi huleta joto, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi kwa namna inayofanana kabisa na fukuto la kukoma hedhi, na kipimo cha damu hulibaini.

Mkojo ni mwamshaji mwingine. Estrojeni ikipungua, ngozi laini ya uke na njia ya mkojo huwa nyembamba na kavu, na haja huja mara kwa mara. Zipo krimu za estrojeni za kupaka ukeni zinazosaidia, na hazifanani na vidonge vya homoni kwa nguvu zake mwilini. Lakini angalia kwanza dawa zako. Wengi wenye shinikizo la damu hupewa kidonge cha kuongeza mkojo, wakakimeza jioni pamoja na vingine, na usiku kucha wakawa njiani kwenda msalani. Muulize aliyekupa dawa kama kidonge hicho kinaweza kuhamishiwa asubuhi. Kiu nyingi pamoja na mkojo mwingi ni sababu ya kupima sukari.

Wanaotumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegravir wajue kwamba dawa hiyo huwakosesha baadhi ya watu usingizi, na kwamba kuihamishia asubuhi mara nyingi hutosha. Zungumza na mtoa huduma wa kliniki yako kuhusu kubadili saa. Kuacha dawa hakumo katika mazungumzo hayo.

Miguu inayowasha au kuvutwa kwa ndani ukilala, hata ukalazimika kuinuka na kutembea, wakati mwingine hutokana na upungufu wa madini ya chuma, na mwanamke ambaye hedhi zake za mwisho mwisho zilikuja kwa mafuriko ana kila sababu ya kupungukiwa. Pima damu kabla ya kununua vidonge vya chuma. Kukoroma nako kusichekwe. Baada ya hedhi kukoma, hatari ya pumzi kukatika katika usingizi huongezeka, hata kwa mwanamke asiye mnene, na mara nyingi wa kwanza kujua ni mume, ambaye kwa adabu au kwa kuchoka amehamia chumba kingine. Muulize kama anakusikia ukikata pumzi kisha ukashtuka. Ikiwa ni hivyo, ukaamka umechoka na kichwa kikiuma, unahitaji daktari, na vidonge vya usingizi vitakuzidishia hatari.

Na hili lisingojee hata wiki moja: damu yoyote inayotoka baada ya kukaa miezi 12 bila hedhi, hata tone, ipelekwe hospitali. Mara nyingi sababu huwa ndogo, lakini saratani ya mfuko wa uzazi na ya shingo ya kizazi huanza kujulikana kwa njia hiyo.

Kushughulikia kinachokukeshesha

Sasa tuje kwenye nusu ya pili, ambayo ndiyo isiyozungumzwa. Mwaka 2016 chama cha madaktari bingwa wa magonjwa ya ndani cha Marekani kilipendekeza kwamba mtu mzima yeyote mwenye tatizo sugu la kukosa usingizi aanze na tiba ya mazoea na fikra kabla ya dawa yoyote. Mwaka huo huo utafiti mwingine wa huko huko uliwapa wanawake wenye fukuto na kukosa usingizi tiba hiyo kwa simu tu, na usingizi wao ukaimarika kwa kiasi kikubwa. Maana yake ni kwamba usingizi uliweza kurudi hata joto lilipokuwa bado lipo. Tiba hiyo haina siri, na sehemu zake kuu mtu anaweza kuzifuata nyumbani.

Ya kwanza ni kuamka saa ile ile kila siku, ziwe siku za kazi au za mapumziko, umelala au hukulala. Hapa wanaoishi karibu na ikweta wana bahati ambayo watu wa Ulaya hawana: alfajiri yetu haihami sana mwaka mzima. Anayeamka kwa adhana au kwa jua ana kengele ambayo haimdanganyi. Baada ya kuamka toka nje, upate mwanga wa asubuhi, hata kama ni kwa kufagia ua.

Ya pili ni kukirudishia kitanda kazi yake. Kitanda ni cha usingizi na cha unyumba. Anayekaa kitandani kujibu jumbe za kikundi cha familia, kupiga hesabu za ada na kuwaza mambo ya mwanawe aliye Muscat anaufundisha mwili wake kwamba kitanda ni mahali pa kuwa macho, na mwili ni mwanafunzi mwepesi. Ukihisi kwamba umekaa kama dakika 20 bila kulala, inuka. Anayelala chumba kimoja na watu wengine hana sebule ya kwendea. Mkeka uliotandikwa kando ya ukuta unatosha, au kiti mlangoni. Fanya kitu cha mikono kisichosisimua, katika mwanga hafifu: suka ukili, shona kofia, vuta tasbihi au soma ukurasa wa kitabu ulichokwisha kukisoma. Wanaosimama kuswali usiku waendelee, ila wasiigeuze ibada kuwa kidonge. Anayeswali huku anasubiri usingizi hupata vyote nusu nusu. Rudi kitandani usingizi unapokulemea, na usipolala inuka tena. Usiku wa kwanza utainuka mara tatu au nne, na utachukia. Endelea.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayokwenda kinyume na hisia: punguza muda wa kukaa kitandani. Chukua mfano huu. Daftari linaonyesha kwamba unaingia kitandani saa tatu usiku na kutoka saa kumi na moja na nusu alfajiri, yaani saa nane na nusu, lakini usingizi halisi ukijumlishwa ni saa tano na nusu tu. Basi kwa wiki mbili zijazo kitanda kipewe saa tano na nusu: utaingia saa sita kamili usiku na kutoka saa kumi na moja na nusu, bila kusogeza upande wowote. Siku za mwanzo utasinzia ovyo. Baada ya siku chache usingizi uliokuwa umetandazwa kama uji mwepesi juu ya usiku mrefu huanza kuwa mzito, na hata fukuto likija unageuka upande na kuendelea. Ukiona kwamba kwa wiki nzima unalala sehemu kubwa ya muda huo, karibu asilimia 85 au zaidi, ongeza robo saa, yaani uingie saa sita kasoro robo. Wiki inayofuata pima tena, uongeze tena, mpaka ufike mahali unapoamka umetosheka.

Kuna mipaka katika hilo. Usishuke chini ya saa tano kitandani, hata kama daftari linasema unalala tatu. Mwenye kifafa, mwenye ugonjwa wa akili wa kupanda na kushuka kwa hisia, anayehisiwa kuwa na tatizo la pumzi kukatika, na anayeendesha gari au mashine asifanye hatua hii bila daktari. Usiianze ndani ya Ramadhani, ambapo daku hukata usiku vipande viwili. Mwezi huo shika saa ya kuamka kwa ajili ya daku, pumzika kidogo baada ya alfajiri, na kikombe cha kahawa baada ya futari kiwe kidogo au kisiwepo.

Usingizi wa mchana, ambao kwa joto la pwani ni karibu desturi, usizidi nusu saa na uishe kabla ya saa tisa alasiri. Zaidi ya hapo unakopa kwa usiku.

Mawazo nayo yapewe saa yake. Jioni, kabla ya chakula, kaa na daftari lile lile uandike kila linalokusumbua, na kando ya kila jambo uandike hatua moja ndogo itakayofuata: "Ada: kumpigia mwalimu mkuu Jumatatu." Yakija usiku wa manane yajibiwe kwamba yameshaandikwa. Kuna wazo moja linalostahili kutajwa kwa jina lake. Mwanamke anayeshtuka kila siku saa tisa usiku huambiwa mara nyingi kwamba hiyo ni saa ya wachawi na kwamba kuna anayemchezea. Kuamka wakati huo kuna sababu yake: nusu ya pili ya usiku usingizi wa kila binadamu huwa mwepesi, na kinachomwamsha mtu humpata kwa urahisi zaidi. Hofu ya kurogwa huongeza mapigo ya moyo na jasho, na hapo usingizi hauna pa kukaa.

Kuhusu dawa

Tiba ya homoni ndiyo yenye nguvu kuliko zote dhidi ya fukuto, na kwa njia hiyo husaidia usingizi. Iliogopwa sana baada ya matokeo ya utafiti wa Marekani wa mwaka 2002, lakini uchambuzi uliofuata umeonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya aliye chini ya miaka 60, au ambaye hedhi yake imekoma ndani ya miaka 10, faida kwa kawaida huzidi madhara. Mwenye mfuko wa uzazi lazima apewe estrojeni pamoja na projestojeni, yaani dawa ya jamii ya projesteroni, la sivyo ukuta wa mfuko hunenepa na kuweza kuleta saratani. Haimfai aliyepata saratani ya matiti, kuganda kwa damu kwenye mishipa, kiharusi au ugonjwa mkali wa ini, wala mwenye damu ya ukeni ambayo haijajulikana sababu. Ni dawa ya kuandikiwa na daktari wa magonjwa ya wanawake. Kumeza vidonge vya uzazi wa mpango vya bintiyo si kitu kimoja nayo. Kwa wasioweza kutumia homoni, daktari anaweza kuchagua venlafaksini kwa kipimo kidogo au gabapentini ya usiku, na tangu mwaka 2023 Marekani imeidhinisha fezolinetanti, dawa isiyo homoni inayoutuliza ubongo upande wa joto, ingawa hudai vipimo vya ini.

Diazepamu ya kununuliwa dukani bila cheti ndiyo ninayoihofia. Huleta usingizi kweli, na baada ya wiki chache mwili huidai. Ukiiacha ghafla unakesha kuliko mwanzo, na kwa mwanamke ambaye mifupa yake imeanza kulegea, kuyumba usiku njiani kwenda msalani kunaweza kuishia kwa kuvunjika nyonga. Aliyekwisha kuizoea asiiache kwa siku moja, apunguzwe na daktari kidogo kidogo. Vidonge vya mafua na mzio vinavyosinziza, ambavyo wengi huviita piriton, huzoewa na mwili upesi vikaacha kufanya kazi, na huacha kichwa kizito asubuhi. Kuhusu mitishamba, mwambie daktari unachokunywa, hasa ikiwa unatumia dawa za presha au sukari, kwa sababu chungu cha mizizi hakina kipimo.

Ikiwa unaamka mapema sana na moyo mzito, hakuna kinachokufurahisha, na hali hiyo imepita wiki mbili, tatizo huenda ni sonona, nayo hutibika. Ikija fikra ya kutoishi, mwambie mtu usiku huo huo na uende hospitali.

Mume aelezwe mapema, kwa lugha ya wazi, kwamba kujifunua, kuwasha feni na kushuka kitandani si kumkimbia. Mjukuu aliyezoea kulala na bibi apewe godoro lake hata kama ni kando ya kitanda kile kile, kwa sababu mwili wa mtoto ni jiko.

Mabadiliko haya yape wiki sita hadi nane, na utegemee kwamba usiku mbaya utarudi mara moja moja, hasa kunapotokea msiba, safari au kaskazi kali. Ukirudi mara moja, usiufidie: amka saa yako, usilale mchana mrefu, ingia kitandani kwa wakati wako wa kawaida. Ukirudi kwa wiki nzima, fungua tena daftari, hesabu upya, na uchelewe tena kuingia kitandani, kuelekea saa sita usiku, mpaka usingizi ukaze.